Deki ya boti inabonyea na maji yanadondoka ndani: je, silikoni itasaidia?

"Naishi Lang'ata na nina boti ndogo ya matanga ya faibaglasi, futi 22, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Wikendi huwa naivuta hadi Naivasha, siku nyingine inakaa juu ya trela uani. Tangu mvua za Aprili maji yanadondoka ndani, juu ya godoro, karibu na kitako cha nguzo moja ya reli. Nimepaka silikoni kuzunguka hicho kitako mara tatu. Inatulia wiki mbili, kisha inaanza tena. Sasa nikikanyaga hapo naona deki inabonyea kidogo. Fundi wa bodi za matatu ameniambia atamwaga resini na filla juu ya kila kitu, amalize kwa siku moja. Rafiki yangu naye anasema nisijisumbue, Naivasha ni maji baridi, hayaharibu kitu kama maji ya chumvi. Nifanye nini? Na kazi hii naweza kuifanya mwenyewe?"

Ndugu yangu, pole kwa godoro. Nataka nianze na neno uliloliandika kwa kupita tu, kwamba deki "inabonyea". Maji kitandani ni kero, lakini deki inayobonyea chini ya mguu inaniambia kwamba maji yameishi ndani ya deki hiyo muda mrefu, pengine tangu kabla hujainunua boti, na tone unaloliona godoroni ni lile lililokosa nafasi ya kukaa. Kwa hiyo swali la kuzuia maji yasidondoke linakuja la pili. La kwanza ni kujua deki imeoza kiasi gani, kwa sababu nguzo ya reli ndiyo anayoikamata mtu akiteleza, na Naivasha unaijua: anayeanguka majini pale hayuko peke yake, kuna viboko.

Wengi hudhani deki ya faibaglasi ni kipande kimoja kigumu kama beseni. Ukiikata utaona ngozi mbili nyembamba za faibaglasi, moja juu na moja chini, na katikati kiini chepesi. Mara nyingi kiini hicho ni mbao ya balsa iliyosimamishwa nyuzi zake wima, au plaiwudi, au povu gumu. Ngozi moja peke yake ingepinda kama bati. Zikigandishwa vizuri pande zote za kiini zinakuwa ngumu ajabu, kwa kuwa ukikanyaga, ya juu inabanwa na ya chini inavutwa, na kiini kinazizuia zisitelezeane. Kiini kikiloa na gundi ikaachia, unabaki na ngozi mbili zinazocheza kila moja kivyake. Huko ndiko kubonyea unakokuhisi.

Sasa fikiria aliyeiunda boti alivyoifunga ile nguzo. Alitoboa ngozi zote mbili, akapitisha bolti nne, akaweka silanti, yaani kizibio cha maji, kidogo chini ya kitako, akakaza nati kwa ndani. Ukuta wa kila tundu ni kiini kitupu. Kinga yote ya mbao hiyo ni ule utando mwembamba wa silanti ulio kati ya kitako na deki, mimi huuita tandiko, na tandiko hilo linateswa kila siku. Nguzo nyingi zina urefu wa kama sentimita 60, na bolti za kitako zimeachana kama sentimita 6. Mtu akiegemea juu kwa nguvu ya kilo 40, bolti za upande mmoja zinavutwa kwa karibu kilo 400. Halafu kuna jua la huku kwetu, kama mita 1,800 juu ya bahari, linaloichoma deki mchana, na baridi ya usiku inayoishika baadaye. Chuma na faibaglasi havitanuki sawasawa. Miaka ikipita tandiko linachanika mahali fulani, mwanya wa unene wa unywele tu, na maji yana tabia ya kujinyonya yenyewe kwenye mwanya kama huo.

Mimi kabla ya kushika faibaglasi nilianzia kwa mafundi wa majahazi pwani, nikibebea watu nyundo za kalafati. Kule unachukua pamba, unailoweka mafuta, unaipigilia kwenye mwanya kati ya ubao na ubao. Chombo kikishushwa majini mbao zinavimba, zinaibana ile pamba, na maji yanajifungia njia yenyewe. Nadhani wengi wetu tumerithi wazo hilo: ukiona ufa, jaza ufa. Kwenye faibaglasi wazo hilo linatuponza, maana faibaglasi haivimbi na haibani kitu. Kinachozuia maji kiko chini ya kitako, kimebanwa na bolti, na ulichokipaka pembeni hakifiki huko. Silikoni yako imefunga mlango mmoja, maji yakapitia vichwa vya bolti, au upande usiouona, au pale silikoni yenyewe ilipobanduka. Tena yakishaingia inayazuia yasitoke. Zile wiki mbili za utulivu, kiini ndicho kilichokuwa kikinywa.

Silikoni ina ubaya mwingine ambao utaulipia utakapoanza kazi: inaacha utando wa mafuta usioonekana. Juu ya utando huo rangi haishiki, epoksi (resini nitakayokueleza mbele) haishiki, hata silikoni mpya haishiki. Sitaki ujilaumu, ndiyo wanayokupa ukiingia duka lolote la vifaa vya ujenzi ukasema "kitu cha kuzuia maji". Ila usiipake tena.

Rafiki yako naye amechanganya mambo mawili. Chumvi hula chuma, hilo ni kweli. Kinachoozesha kiini ni kuvu, na kuvu haipendi chumvi. Wenye vyombo vya mbao tangu zamani wanaosha deki zao kwa maji ya bahari, na wanaiogopa mvua kuliko wimbi. Mbao ikibaki chini ya asilimia 20 ya unyevu kwa kawaida haiozi, ikizidi sana hapo na kukaa hivyo, kuvu inaanza karamu. Tena boti yako hailowi maji ya Naivasha, inalowa mvua ya Lang'ata ikiwa juu ya trela. Nimefungua deki za boti mbili zilizokuwa zikiendeshwa matanga kwenye Bwawa la Nairobi, miaka ile kabla ya magugu maji na majitaka kulifunika. Hazikuwahi kuonja chumvi maisha yao yote. Kiini cha zote mbili kilikuwa tope.

Fundi wako wa matatu simdharau hata kidogo. Wale vijana wana mikono, na ukimpa kazi inayomfaa atakushinda wewe na mimi. Shida ni vitu anavyovitumia. Resini ya kawaida inayouzwa Eneo la Viwanda, ile yenye harufu kali na chupa ndogo ya hadina (dawa ya kuigandisha), ni poliesta. Inashika vizuri juu ya poliesta mbichi, juu ya faibaglasi ya zamani inashika kwa shida, na juu ya mbao yenye unyevu haishiki. Filla ya magari nayo ina unga unaofyonza maji. Kwenye matatu anazoziundia bodi, bodi imewekwa juu ya chasisi na chasisi ndiyo inayobeba mzigo. Kwenye boti yako deki ndiyo chasisi. Akimwaga resini juu ya kila kitu, kazi itapendeza siku ya kwanza, kiini kitaendelea kuoza kikiwa kimefunikwa, na atakayekuja kufungua bolti siku za usoni atalazimika kuzichimbua kwa patasi.

Basi tujue uozo umefika wapi. Chukua mpini wa bisbisi, au sarafu ya shilingi 20, uigonge deki taratibu ukianzia mbali na nguzo ukisogea kuiendea. Palipo pazima panajibu kwa sauti kavu na kali, ti ti ti. Palipoachia au kuloa sauti inakuwa nzito, du du, kama unagonga boga. Weka alama kwa penseli kila sauti inapobadilika. Ukimaliza utakuwa umechora ramani, na umbo la ramani hiyo litakushangaza, kwa sababu maji hayatembei kwa duara. Kwenye plaiwudi yanafuata nyuzi. Kwenye balsa iliyosimamishwa yanaenda polepole, ila balsa nyingi huwa imekatwakatwa vipande vidogo ili ipinde na umbo la boti, na yale makato ndiyo mifereji yake. Usidhani pia kwamba tone linadondoka chini ya pale lilipoingilia. Nimewahi kutafuta njia ya maji siku mbili karibu na dirisha, kumbe yalikuwa yanaingilia kwenye kifungio cha kamba karibu mita mbili mbele yake.

Kwa hilo kuna ujanja ambao hauhitaji chombo cha gharama. Funga madirisha, ziba kwa tepu matundu yote ya hewa, uzibe mlango kwa karatasi ya nailoni. Pitisha hapo pua ya blowa, kama ile wanayokaushia magari kwenye kosha gari, upulize hewa ndani taratibu. Nje, paka maji ya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kila kitako, kila bolti, kila ukingo wa dirisha. Panapovuja patatoa mapovu. Fanya hivyo kabla hujafungua chochote, na ukague vifaa vyote, si nguzo hiyo moja tu. Vyote vilifungwa mwaka mmoja na silanti moja, na kimoja kikishachoka wenzake hawako mbali.

Kufungua kunataka watu wawili, mmoja juu na bisbisi, mwingine ndani na spana. Kama bolti ni za milimita 8, spana ni ya 13. Zungusha nati, ushikilie kichwa cha bolti kisizunguke. Kitako kikigoma kutoka usikibandue kwa nguvu, utang'oa koti la juu la faibaglasi pamoja nacho. Kitie joto kidogo kwa mashine ya hewa moto, kisha pitisha waya mwembamba chini yake, waya wa gitaa unafaa sana, uvute huku na huku kama msumeno.

Nikueleze nilichokiona mwezi uliopita kwenye boti iliyolingana na yako, ili ukikiona usishtuke. Bolti ilitoka ikiwa inametameta ncha zote mbili, na katikati, sehemu ile tu iliyopita kwenye kiini, ilikuwa na pete ya kahawia yenye vishimo kama imetafunwa. Nilikunja ncha ya waya nikaiingiza tunduni na kuizungusha. Ikatoka na kitu cheusi kama majani ya chai yaliyokamuliwa, chenye harufu ya gunia lililosahaulika mvuani. Nikaendelea kukwangua hadi sentimita tatu kutoka ukingoni ndipo waya ukaanza kutoa vumbi la rangi ya maziwa, kavu. Hapo ndipo uozo ulipoishia. Mwenye boti alifurahi kuliko nilivyotarajia, maana alishajiandaa kuambiwa deki nzima imekwenda.

Ile pete ya kahawia ina maana yake. Chuma tunachokiita stenlesi hakishiki kutu kwa sababu ya ngozi nyembamba sana inayojijenga kwa hewa. Ukikifungia ndani ya mbao iliyoloa, pasipo hewa, ngozi hiyo haijijengi tena na chuma kinaliwa kwa ndani huku vichwa vinang'aa. Kwa hiyo usirudishe bolti za zamani hata zikionekana nzima. Nunua mpya, na uulize za daraja la 316, ambazo zinastahimili zaidi ya 304. Ukiona mchirizi wa kahawia unatoka chini ya kifaa chochote, hiyo ni barua kutoka kwa bolti usizoziona.

Kukausha ndiko kunakomshinda mtu mwenye haraka. Kiini kilicholowa hakikauki kwa tundu la milimita 8 na siku mbili za jua. Ondoa chote kilicholainika, acha matundu wazi, weka turubai juu kama hema ili mvua isiingie lakini upepo upite, na ikiwezekana elekeza feni ndani. Hesabu wiki, usihesabu siku. Ndiyo maana ningekushauri uifanye kazi hii Januari na Februari. Mvua za vuli zimeisha, za masika zinaanza Machi, na joto linatosha. Julai kuna ukavu, lakini usiku wa Nairobi unaposhuka hadi nyuzi 11 au 12 epoksi inalala. Kwa makadirio, joto likishuka nyuzi 10 muda wa kuiva unakaribia kuwa maradufu.

Hapo unaona nimetaja epoksi. Ni ghali kuliko poliesta na inachosha kuitafuta, ila inashika faibaglasi ya zamani na inashika mbao kavu, na kwa kazi hii sijui mbadala ninaoweza kukupa kwa dhamiri safi. Jambo moja uliwekee mkazo, hasa ukimpa mtu aliyezoea kazi za magari: kwenye poliesta fundi huongeza hadina ili ikauke upesi au huipunguza ili ichelewe. Kwenye epoksi huwezi. Kila chembe ya resini inahitaji chembe yake ya hadina, na kiwango kilichoandikwa koponi ndicho hichohicho, kipimwe kwa kipimo, kamwe si kwa jicho. Ukizidisha, itabaki laini milele na utaikwangua yote. Changanya kidogo kidogo pia. Epoksi ikijaa kikombeni inajipasha moto yenyewe, na nimeona kikombe cha plastiki kikitoa moshi na kuyeyuka mkononi mwa mtu.

Tundu la bolti ya milimita 8 lipanue kwa keekee ya 14 kwenye ngozi ya juu na kiini, ukiiacha ngozi ya chini na tundu lake lilelile. Kwangua kiini kuzunguka hapo kwa waya uliokunjwa uliofungwa kwenye drili. Chini ziba kwa tepu imara. Kwanza mimina epoksi nyembamba, iache iloweshe kingo za kiini, kiini kitainywa na utaongeza tena. Kabla haijakauka kabisa, changanya nyingine na unga wa silika mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, uijaze kwa sirinji kuanzia chini ili hewa isibaki. Ikiiva, sugua kwanza kwa maji na kile kisugulio cha kijani cha sufuria, kwa sababu epoksi nyingi huacha utando kama nta usioondoka kwa msasa, unajaza msasa tu. Kisha msasa. Kisha toboa upya kwa keekee ya 8, katikati ya kile kizibo cha epoksi. Kuanzia siku hiyo, hata silanti ikichoka, maji yatakayopita yatadondoka kitandani mwako bila kugusa mbao hata moja. Utapata godoro bichi, hutapata deki iliyooza. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika kazi hii nzima.

Kabla ya kufunga, tanua mdomo wa juu wa kila tundu kwa keekee ya kuzamisha skrubu, milimita mbili tu. Ule mteremko mdogo unashika silanti inayoizunguka bolti kama pete, hata kitako kikikazwa hadi chini.

Sasa silanti yenyewe, na hapa mafundi tunabishana. Kwa nguzo, vifungio vya kamba na vitu vyote vya chuma juu ya deki, mimi napenda butili ya utepe, mpira laini unaonata. Haikauki milele, inavutika kama chingamu bila kuachia, na miaka kumi ijayo utakifungua kifaa bila vita. Ubaya wake ni kwamba si gundi, haifai chini ya maji, haipendi petroli, na inataka subira wakati wa kukaza. Angalia usiuziwe ule utepe wa lami wa kuzibia mapaa. Unafanana nayo, lakini unanuka lami na jua la deki litaufanya utiririke.

Poliurethani nayo inashika kama gundi na inafaa panapohitaji mshiko. Sikaflex inapatikana Nairobi bila shida, ila soma nambari: 11FC ni ya majengo, 291i ndiyo iliyotengenezwa kwa vyombo vya majini. 3M 5200, poliurethani nyingine, ni kali mno kwa kifaa utakachotaka kukifungua tena, itaondoka na ngozi ya deki. Poliurethani huiva kwa unyevu wa hewa, hivyo katika ukavu wa Januari ipe siku nyingi kuliko unavyodhani. Na poliurethani au polisalfaidi (silanti ya aina nyingine) usizipake kwenye madirisha ya plastiki, zipo plastiki zinazopasuka kwa kuguswa nazo. Madirisha ndiyo mahali pekee ambapo silikoni maalumu ina haki yake.

Kama ni butili, safisha pande zote mbili kwa asetoni, ukibadilisha kitambaa kila mara ili usisambaze uchafu. Dondoshea tone la maji mahali palipokuwa na silikoni. Likijikusanya kama shanga, silikoni bado ipo, rudi kwenye msasa. Viringisha butili uivishe kila shingo ya bolti kama kola, tandaza nyingine chini ya kitako, zaidi katikati kuliko kingoni. Shusha, kaza mpaka ianze kuchungulia pande zote, uache. Kesho yake jua likiwa limeipasha, kaza tena kidogo. Keshokutwa tena. Zungusha nati tu, bolti yenyewe isizunguke, maana ikizunguka inaivunja ile pete uliyoijenga. Ukitumia poliurethani, kaza mpaka ichungulie, usiikamue yote kwa nguvu siku ya kwanza. Wengi wanafanya hivyo kisha wanashangaa kifaa kinavuja baada ya mwaka, kumbe walilitoa tandiko lote nje na kuacha chuma kikikaa juu ya faibaglasi.

Ndani, usirudishe zile washa ndogo. Weka bamba chini ya deki, la alumini au la plaiwudi iliyolowekwa epoksi, lizidi ukubwa wa kitako kila upande na kona zake ziwe za duara. Zile kilo 400 zigawane eneo kubwa.

Unaweza kuifanya mwenyewe? Kama ramani yako ya sauti nzito inaishia ndani ya ukubwa wa sahani ya chakula kuzunguka nguzo, ndiyo, ukiwa na wikendi nne na msaidizi mvumilivu. Vaa glavu za nitrili kila unapogusa epoksi, kwa sababu ngozi ikishaanza kuikataa itakuwasha maisha yako yote, nami namjua fundi aliyelazimika kuacha kazi kwa hilo. Vumbi la faibaglasi lisifike kifuani, vaa barakoa ya vumbi ya kweli.

Sauti nzito ikizidi hapo, ngozi ya juu itabidi ikatwe, kiini kitolewe, kipya kigandishwe na ngozi irudishwe kwa kitambaa cha nyuzi zilizofumwa. Ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa ulio kila duka, mwingi gundi yake huyeyushwa na poliesta, epoksi haiyeyushi. Kazi hii mwite aliyewahi kuifanya, umtazame akifanya. Atakayekwambia atatoboa vitundu vingi adunge epoksi kwa sindano bila kukausha, mshukuru na umuage. Epoksi haiendi palipojaa maji.

Kuna mahali pawili nisingetaka uguse bila mtu wa kukagua kwa macho yake na kipima unyevu: pale mlingoti unaposimama, na pale vyuma vinavyoshika kamba za waya za mlingoti vinapopenya deki. Gonga hapo pia. Ukisikia du du, au ukiona kutu inayochuruzika, boti isipandishwe tanga mpaka vyuma hivyo vitolewe na kuangaliwa pande zote. Nguzo ikiachia unapata ajali ya mtu mmoja. Mlingoti ukianguka unawaangukia wote.

Kwa sasa weka turubai juu ya boti kabla ya mvua ijayo, uondoe godoro ili sakafu ya ndani ipate hewa, na ufanye ile ramani ya penseli. Mpaka Januari, funga kitambaa chekundu kwenye ile nguzo na uwaambie wote wanaopanda, watoto hasa, wasiishike.